Torstein wa Manyatta

Gitari, mchora mabango, alikuwa amefika NYA. Ubao ulilazwa juu ya makreti mawili ya soda, nje ya kibanda cha fundi viatu hapa Manyatta. Mwenyewe Nyaga, ambaye kijiwe chote humwita Gundi, alikuwa anashona soli ya kiatu cha mteja wake Ciakuthii, jicho moja kwenye sindano, lingine kwenye brashi. Ndipo simu ikalia. Picha kutoka Norwe: mwanawe Vincent amebeba kifungua mimba wake, mvulana. Chini ameandika jina: Torstein.

Gundi akamwomba Gitari asimamishe brashi.

Desturi ilijulikana na wote. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Hivyo ndivyo mtu wa Embu hufa asiishe. Gundi alikuwa amemngoja mtoto huyo miezi tisa, na ubao wa kuandikwa jina lao ulikuwa sehemu ya maandalizi.

"Torstein ni nani?" akauliza polepole.

Kivuti, mwalimu mstaafu waliyemwita Kamusi, alipekua simu yake, akaeleza. Ni jina la kale la watu wa kaskazini, maana yake jiwe la mungu wa radi. Katika visa vyao vya zamani limejaa kama maharagwe kwenye githeri. Torstein mmoja anapasuliwa kwa shoka ukurasa wa tatu. Ukurasa wa nne anatokea mwingine, anadai ng'ombe.

Igoki, muuza chai, alitaka kujua: kama wanao wengi hivyo, walimtakia nini mtoto wa Gundi?

Gitari akashauri Vincent apigiwe simu. Gundi akakataa. Mama wa mtoto hasumbuliwi akiwa bado kitandani. Akainamia kiatu, lakini sindano ikawa haioni tundu.

Kamusi akakohoa. "Desturi inasema mtoto na babu waitwe jina moja. Haijasema nani aanze. Wewe jiite Torstein leo, kabla ya ubatizo Jumapili, na Vincent atakuwa hajakosa."

Gundi akaweka sindano chini.

"Na babu yangu Nyaga, aliyenipa jina?"

"Huyo pia alikuwa Torstein. Ni vile hakuna aliyemuuliza."

Gitari akaonya kwamba msalaba wa marehemu utahitaji rangi ya mafuta, kwa sababu ya mvua. Igoki akauliza kuhusu wa nyuma zaidi, wasio na misalaba. Kamusi akasema hao ndio rahisi, hawana cha kufutwa.

Gundi alilijaribu jina mdomoni mara mbili, tatu. Akanyoosha mgongo, akasema hata hauumi kama asubuhi.

Hapo Ciakuthii akatokea upande wa soko, mguu mmoja na kiatu, mwingine na patipati.

"Nyaga, leo ni siku ya nne."

Gundi akatazama soli, nusu ikining'inia.

"Nyaga ametoka," akasema. "Mimi ni Torstein. Njoo kesho."

Ciakuthii akawatazama wote, mmoja mmoja. Wote wakatazama chai.

"Sawa, Torstein. Mjukuu wako akikua, akuulize Nyaga alikuwa nani, umwambie ni yule aliyenikalia na kiatu."

Akaenda zake akichechemea. Gitari akachovya brashi, akauliza kama afute ama aendelee.

Gundi akauinamia ubao.

"Uache hapo kwa NYA," akasema. "Tutamalizia kesho."