Nailoni ya Chini

Leo nimeaibika, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Naandika mapema kabla hamjaisikia kwa watu wa Chumbageni, maana huko imeshatiwa chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi kompyuta. Mwanamke. Nina meza yangu barazani kwa shangazi, huu mwezi wa nne. Wateja wanakuja, wananiuliza fundi yuko wapi. (Nikisema ndiye mimi, wanasema watarudi. Hawarudi.) Ndiyo maana juzi Mzee Abbas aliponiita nilikwenda mbio. Ana duka la picha na video za harusi, lilifunguliwa na babu yake, na mtaa mzima unamsikiliza. Akisema fulani anajua kazi, basi anajua. Akisema hajui, fulani akunje meza yake akalale.

Tatizo lenyewe la kawaida. Kompyuta yake inazima katikati ya kuhariri video. Nikaipima, nikakuta prosesa, ubongo wake, inachemka. Nikamshauri aagize feni kubwa zaidi, ile inayokaa kwenye chuma kirefu cha kupozea. Imefika leo asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mzigo wako huo."

Sasa, Mzee Abbas hatoi nailoni kwenye kitu kipya. Kioo cha kompyuta kina nailoni. Kibodi ina nailoni, imeshakuwa ya njano. Kiti nilichopewa kina nailoni, ukijisogeza kinalia. Na kasha la kompyuta lina nailoni yake ya dukani ubavuni, mwaka wa tatu huu.

"Mzee, hii itoke," nikamwambia. "Nailoni inashika joto. Umeivalisha kompyuta koti, na hii ni Tanga."

"Lakini kitu kinabaki kipya."

"Kipya kinachozima kina faida gani, mzee?"

(Hayo ni maneno yangu, neno kwa neno.) Mkewe, Bi Nargis, alikuwepo. Na mama mmoja wa Maramba alikuwepo, amekuja kuchukua video ya harusi ya binti yake. Nikaibandua ile nailoni mbele yao, taratibu, kwa mbwembwe. Mzee akafumba macho. Kisha akaiokota, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, nasema kweli. Nimetoa feni ya zamani. Nimefuta pesti iliyokauka, ile krimu ya kupitisha joto, kwa spiriti. Nimefunga bati la nyuma la kushikia skrubu. Nimetia pesti mpya juu ya prosesa, tone moja kama punje ya mbaazi. Nimeshusha chuma kipya, nimekaza skrubu nne kwa kupishana pembe. Bismillah, nikawasha.

Dakika mbili, ikazima.

"Imezima," akasema mama wa Maramba, kana kwamba mimi sina macho.

Nikatazama feni, inazunguka. Nikaigeuza, labda inapuliza kinyume. Ikazima. Nikakaza skrubu zaidi. Ikazima mapema zaidi. Nikagusa chuma cha kupozea, kiko baridi kama mtungi. Prosesa inakaribia digrii mia, na chuma kilichoikalia baridi. (Fundi mwenye akili angeelewa hapo hapo. Mimi nikasema umeme wa leo mdogo.) Bi Nargis akaitazama feni ya dari, inayokwenda kasi kabisa.

Halafu akamwambia mumewe kwa upole, "Tumwite yule fundi wa mjini?"

Iliniuma, sitawadanganya.

Nikaomba dakika tano, nikampigia mwalimu aliyenifundisha kazi. Siku hizi yuko Horohoro, na simu za huko mara ziko Tanzania, mara zimeshavuka Kenya. Humsikii mtu mpaka uweke spika naye apige kelele. Nikaweka spika.

"Chuma kina joto?" akauliza.

"Baridi."

"Mwanasha, ile nailoni ya chini ulibandua?"

"Nailoni ipi?"

"Ya chini ya chuma, pale kinapogusana na prosesa. Si imeandikwa kwa wino mwekundu itolewe kabla ya kufunga?"

Nikafungua skrubu nne, moja moja, sikuwa na haraka tena. Nikainua chuma. Ipo. Safi, pesti yangu imetandazwa juu yake kama siagi kwenye mkate, na huo wino mwekundu unasomeka kutoka mlangoni.

Mzee Abbas akavaa miwani, akainama, akasoma. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mwanangu," akasema, "na hii ni koti?"

Mama wa Maramba ilibidi atoke nje. Bi Nargis alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikanyoosha mkono niibandue, mzee akaniwahi.

"Ngoja. Hii natoa mimi."

Akaibandua taratibu, kwa mbwembwe zangu zilezile.

Nikafuta, nikatia pesti upya, nikafunga, nikawasha. Nusu saa, joto limetulia. Saa nzima, bado limetulia. Video ikaisha, mama wa Maramba akaondoka nayo kabla ya adhuhuri, bado anajifuta machozi. Mimi nikakusanya bisibisi zangu, nikijua hapo ndipo ufundi wangu umefia.

"Fundi wa mjini alikuja mara tatu," akasema mzee. "Kila mara aliniambia nimeharibu mimi. Wewe angalau umeharibu mwenyewe, na tumeona. Kesho kaitazame ya nyumbani."

Sikujua kama nimesifiwa. Nikashukuru.

Alasiri nimerudi barazani, mama mmoja akaja moja kwa moja mpaka mezani, laptop kwapani. "Samahani, Fundi Nailoni ni wewe?"

Nikaitika. Basi nawaomba, mkicheka chekeni polepole. Nina mteja.