Maneno ya Magari Kivukoni Pangani

Jumatatu, 7 Machi 1955

Amefika Pangani Mhispania, Bwana Ramiro, mtaalamu wa barabara. Shamba moja la mkonge limemwita atazame kwa nini malori yao yanakaa kutwa kwenye foleni ya pantoni. Hajui Kiswahili. Anatafutwa mkalimani. Nimejitokeza mimi, Noa. Kihispania sikijui, lakini Kilatini cha misa nakijua chote, na nasikia ni ndugu. Anayekijua hasa ni Khatib, Mpemba muuza kahawa hapo kivukoni, aliyekuwa mpishi kwenye meli ya Wahispania. Nimemwambia karani wa shamba kwamba Khatib amerudi Pemba.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya ajabu. Bwana Ramiro kapanga viberiti mchangani, vikawa malori. Akavisogeza: tránsito. Ndio mwendo wenyewe, kule kupita. Akaongeza vingine, vingi, vyote njiani: tráfico. Akavisimamisha, havitoki: atasco. Kisha akashika chupa, akagusa shingo yake, akaelekeza kidole kwenye pantoni: embotellamiento. Yaani njia pana imefika penye wembamba. Nimeduwaa. Sisi husema tumekwama, basi, tukakaa kungoja. Kumbe kukwama kuna namna zake, na wapo watu waliokaa wakaipa kila namna jina!

Jumatano, 9 Machi

Balaa. Nilitaka kumsifu Mzee Mwinyijuma, msimamizi wa pantoni, kwamba anaongoza vizuri mapito ya watu. Nikasema tráfico, nikaongeza neno la watu. Bwana Ramiro akabadilika rangi, akauondoa mkono wake katika mkono wa Mzee. Khatib akaja na birika lake, akamsikiliza, akanigeukia. Neno lile, likifuatwa na watu, maana yake ni kuwauza.

Mzee naye akasikia. Akafunga pantoni kwa mnyororo, akaketi.

“Muuza watu havushi watu,” akasema.

Malori yakajaa hadi minazini. Hapo Methusela, mkata mkonge, akavuka kwa mtumbwi kutoka Bweni, upande wa pili wa mto, kuja kuomba. Mkewe Beatrisi alikuwa ng'ambo ndani ya lori, ana uchungu, hawezi hata kukaa. Khatib akamweleza Bwana Ramiro kosa langu, taratibu, kwa sauti ya chini. Mhispania akavua kofia, akapiga magoti mbele ya Mzee.

“Shikamoo,” akasema. Sijui nani alimfundisha.

“Marahaba,” Mzee akajibu, akafungua mnyororo.

Mtoto alizaliwa katikati ya mto, wakati wa kurudi. Madereva wa pande zote mbili walizima injini bila kuambiwa. Umati wote ule, kimya, tukisikiliza kilio kimoja kidogo juu ya maji.

Ijumaa, 11 Machi

Mkalimani sasa ni Khatib. Sina kinyongo, ila kanzu yangu ya misa ingempendeza Mhispania kuliko birika la Khatib.

Leo Beatrisi kaniita hospitali. Mtoto ni wa kike. Anataka kumpa jina la Kihispania, lile neno la magari kupita vizuri bila kizuizi. Methusela akasema heri aulizwe Khatib. Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua Khatib, mwalimu wangu alikuwa Bwana Ramiro mwenyewe. Nikafikiri kidogo, nikawapa.

Beatrisi akamwinamia mtoto, akamwita polepole, mara mbili. Atasko.

Jina zuri mno. Padri atambatiza kwa jina hilo Jumapili.