Shati la Bi Ulrike

Redio ya muuza kahawa ilitangaza kwamba Wajerumani wanafikiria kurudisha vitu walivyovichukua zamani, na baraza zima la Sokomuhogo likashangilia. Msabah peke yake alinuna. Huyu ndiye waliyemwita Dira, mtembeza wageni.

"Wao warudishe, na miye nadaiwa!" akafoka. "Yule Bi Ulrike nliyempeleka Jambiani, kila asubuhi ananiandikia: Mein Schatz! Mein Schatz!"

Haroub, aliyeitwa Balozi kwa kujua kila kitu, akainyakua simu. "Mbona wazi? Mein, langu. Schatz, shati. Anataka shati lake!"

"Ndivyo ulivyonambia juzi! Lakini lile la maua kanipa mwenyewe, wallahi!"

"Mzungu hakupi, anakuazima."

"Basi ntaitwa mwizi, Balozi. Hoteli gani itanipa mgeni tena?" Maskini Dira, jasho lilimtoka kwelikweli.

"Umemjibu?"

"Nlimwambia Mwanakheri tunadaiwa shati, ndiye kamjibu." Huyo ni mkewe, mwanamke asiyetaka jina la nyumba yake lichafuke. "Kamtumia sauti leo asubuhi, kwa Kiingereza chake cha hotelini: Schatz yako iko kwangu. Nshaifua, nshaipiga pasi, nimechoka nayo. Njoo uichukue!"

Rajnikant, waliyembandika jina la Hamburg kwa sababu aliishi huko Ujerumani na hamalizi kikombe bila kukukumbusha, alipaliwa, kahawa ikarukia kanzu ya Balozi.

"Schatz si shati, we! Ni hazina, kitu cha thamani. Tena ndivyo mtu anavyomwita mwanawe, mkewe... mpenzi wake!"

Sauti ikatoka nyuma: "Kwa hiyo aliyepigwa pasi ni Dira?"

Baraza likaangua kicheko, watu wakashikana mabega wasianguke. Dira hakucheka.

"Wallahi mie na yule bibi hatuna lolote! Nlimbebea mkoba tu!"

"Mkoba gani huo, sheikh?" akauliza Balozi.

Simu ikaita. Mwanakheri. Dira akaiweka sikioni, lakini sauti ya mkewe ilisikika mpaka kwenye birika.

"Mume wangu, hongera! Bi Ulrike kafurahi mpaka kalia! Kaniita dada. Jumamosi anakuja mwenyewe kuchukua."

Dira akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Jamaani, nani atamweleza mke wangu?"

Wote wakainama kutafuta viatu vyao, Balozi akiwa wa kwanza.