Boti Yenye Miguu ya Bwawa la Itumbili

Tabora ni mji uliozoea mizigo ya watu wengine. Zamani ililetwa na mabega ya wapagazi. Siku hizi huja kwa reli, na mara mojamoja hukosa mwenyewe. Mizigo ya namna hiyo ilipopigwa mnada asubuhi moja ya Aprili, wanunuzi wote walijazana kwenye mafriji na vyerehani. Wilbroad peke yake alisimama mbele ya boti.

Ilikuwa boti nyeupe ya viti sita, ya umeme. Chini ya tumbo lake zilishuka nguzo tatu nyembamba, kila moja ndefu kuliko mguu wa mtu mrefu, na kila nguzo iliishia kwenye bawa. Dalali alikuwa ameiegemeza juu ya magunia kwa sababu haikuweza kukaa chini kama vyombo vyenye adabu.

"Ya nani hii?" Wilbroad aliuliza.

"Kampuni moja ilikuwa inaipeleka Kigoma, ikafilisika kabla boti haijafika. Wanasema inapaa juu ya maji. Mimi nimeiona ikiziba njia tu."

Wilbroad aliipata kwa bei ya friji bovu.

Tusimhukumu haraka. Wilbroad alikuwa mzaliwa wa Ng'ambo, mtaa wa hapohapo Tabora, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya mtu anayetoka kanisani. Hakuwahi kumtapeli maskini. Si kwamba alikuwa na huruma nyingi kiasi hicho, ila maskini huuliza maswali mengi. Yeye aliwapenda matajiri: tajiri akishaiona faida, haulizi tena.

Tajiri wa safari hii alikuwa Awadhi, mnunuzi wa asali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unataka kukopa, nimefunga."

"Nimekuja kukuaga tu. Napeleka boti Mwanza kwa mteja."

"Boti? Wewe na boti wapi na wapi?"

"Ya umeme, mzee. Inapaa." Wilbroad aliinuka kama anayeondoka. "Haya, tuombeane uzima."

"Kaa chini, kijana. Inakula mafuta kiasi gani?"

"Mafuta haiyajui hata harufu. Unaichaji kama simu." Wilbroad alikaa. "Boti za kawaida zinalima maji, mzee, kama jembe. Ndiyo maana zinachoka. Hii ikishashika kasi, mabawa ya chini yanainyanyua. Tumbo linabaki hewani, maji yanagusa miguu tu. Nguvu kidogo, mwendo mkubwa."

Na hayo, ajabu ya mambo, yalikuwa kweli tupu. Wilbroad alikuwa fundi wa aina hiyo. Alisema ukweli wote ulio juu, akauacha wa chini ulale.

Akili ya Awadhi ikakimbilia Itumbili. Bwawa la Itumbili linakitenga kijiji na barabara. Kulizunguka ni safari ya nusu siku. Aliyekuwa akivusha watu ni Recheli, mjane asiye na shamba, kwa mtumbwi wake wa mti mmoja. Kivuko hicho ndicho kilichomlisha tangu mumewe afariki. Lakini ng'ambo ya pili ya bwawa ndiko asali inakotoka, na Awadhi alikuwa amepiga hesabu zamani: anayeshika kivuko ndiye anayeipangia asali bei.

"Ipaishe mbele ya kijiji," akasema, "nikupe mapipa kumi ya asali."

"Mzee, mteja wa Mwanza atalia."

"Alie."

Siku moja kabla ya maonyesho, Wilbroad alikwenda Itumbili kimyakimya, akamkuta Recheli akikausha kasia.

"Mama, wapi maji yana kina, tena hayana visiki?"

Recheli alimwonyesha mkondo wote kwa kidole, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwahi kumnyima mtu njia, na hakuona sababu ya kuanzia hapo.

Kesho yake kijiji kizima kilishuka ukingoni. Mwenyekiti, Bwana Zablon, alisoma karatasi: chombo kikipaa, Awadhi atashika kivuko miaka mitano, na mitumbwi yote isimame.

"Kuna mwenye swali?"

Recheli alinyoosha mkono. "Miguu hiyo inakwenda chini kiasi gani?"

"Mita moja na nusu, mama," alisema Wilbroad. "Usijali, inapaa."

"Na ikisimama?"

"Kwa nini isimame?"

"Abiria hushuka ikiwa imesimama, baba."

Watu walicheka. Awadhi alicheka kuliko wote. Wilbroad alitabasamu tu, kwa maana swali lilikuwa zuri mno kujibiwa.

Kisha akaingia botini peke yake, mwembamba kama alivyo, akafuata mkondo alioonyeshwa. Boti ilianza kama bata mzito. Halafu ikainua kichwa, ikainua tumbo, ikasimama juu ya miguu yake na kukimbia bila sauti, maji yakipasuka chini yake kama kitambaa. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja alivua kofia. Zablon alitia sahihi, Awadhi akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa koti, upande wa moyo. Recheli aliuvuta mtumbwi wake hadi kwenye nyasi na kuufunika mdomo chini, kama watu wafunikavyo chungu cha marehemu.

Jioni hiyo Wilbroad alikabidhiwa mapipa kumi. Alifungua kila moja, akachovya kidole, akalamba. Asali ya miombo, nyekundu, yenye moshi kwa mbali. Alilamba mara kumi na kuridhika mara kumi. Kesho yake akapanda treni na mzigo wake hadi Kaliua.

Kule alimpata mnunuzi, mwanamke aitwaye Apolinaria, asiyependa maneno. Apolinaria hakuchovya kidole. Alichukua kijiti kirefu, kama afanyavyo kila mtu wa mkoa huu ambaye hajakaa Dar es Salaam miaka mingi, akakizamisha pipani. Kijiti kilikwenda shubiri moja, kikagoma, na alipokiachia kikasimama wima kama mlingoti wa bendera.

"Kaka," alisema Apolinaria, "asali yako ina sakafu."

Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, umeshindiliwa vizuri, mapipa yote kumi.

Wakati huohuo, Itumbili, Awadhi alikuwa anajifunza mengine. Jumatatu alikuja na abiria sita na magunia yao ya mihogo. Boti ilikataa kusogea ukingoni, kwa sababu ukingoni maji ni ya goti na miguu yake ilihitaji ya kidevuni. Ilisimama hatua arobaini kutoka nchi kavu. Ikabidi Awadhi amwombe Recheli augeuze mtumbwi, awapeleke abiria kwenye boti. Wakapanda, lakini boti, kwa uzito ule, haikupaa. Ilijikokota na tumbo majini, miguu ikiburuta chini yake kama mtu aliyevaa suruali ya baba yake. Ng'ambo ya pili ikasimama tena mbali, na Recheli akahitajika tena awashushe.

Jumanne abiria walikaa mtumbwini, wakatazama boti, wakatazamana.

"Mama Recheli," mmoja akasema, "kwa kuwa tumeshakaa, si utuvushe tu?"

"Karatasi hainiruhusu, baba. Mwisho wangu ni botini."

Kesho yake Awadhi, ili kuonyesha kwamba boti ni nzima, aliiendesha peke yake. Ilipaa vizuri sana hadi pale alipoacha mkondo. Mguu mmoja ulinasa kwenye mti uliozama zamani, na mpaka adhuhuri boti ilikuwa bado katikati ya bwawa, imetulia kama ndege aliyetegwa. Recheli ndiye aliyemrudisha Awadhi ukingoni, na hapo ndipo Wilbroad alipomkuta, suruali yake ikiwa na vumbi la Kaliua.

"Mzee mzima unauza udongo!"

"Na wewe unauza kitanzi! Nenda ukanasue takataka yako!"

"Si yangu tena. Umenunua kwa matope, miliki kwa matope!"

"Mama, tupeleke wote," Awadhi aliamuru. "Huyu atapiga mbizi mwenyewe ainasue."

Recheli aliwapakia, Wilbroad akiwa hataki kumwachia mdeni wake, akapiga kasia bila haraka huku wale wawili wakitukanana mbele yake. Walipofika katikati, kwenye visiki, akaliweka kasia magotini.

"Mbona umesimama?" Wilbroad aliuliza.

"Nimechoka, baba. Na saa hizi kiboko hupita. Tusipige kelele."

Matusi yalikatika. Awadhi hakujua kuogelea. Wilbroad aliweza kuelea katika maneno tu.

"Anapita wapi?" Awadhi alinong'ona.

"Hapa." Recheli aliyatazama maji. "Mimi ningewakimbiza, lakini kivuko si changu. Nikiwavusha kwa haraka nitakuwa nimeingilia biashara ya mtu."

Kitu fulani, labda kambare, kilipasua maji nyuma yao.

Karatasi ilitoka mfukoni kabla povu halijatulia. Awadhi aliandika nyuma yake kwamba kivuko amekirudisha kwa Recheli, kwa hiari yake na akili timamu. Wilbroad alitia sahihi kama shahidi bila kuombwa. Recheli aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikitembea, huku wanaume wawili wakishikana mikono kama wachumba. Kisha akageuza mtumbwi.

Ukingoni Zablon aliipokea karatasi na kukunja uso. "Mwandiko gani huu? Unatetemeka."

"Kiboko," alisema Awadhi.

"Kiboko gani? Bwawa hili tulilijenga wenyewe kwa majembe. Hata kambare tuliwaleta kwa ndoo."

Wilbroad aligeuka taratibu, akamtazama Recheli kama fundi anavyomtazama fundi.

"Mama," aliuliza kwa heshima, "kazi hii umeanza lini?"

"Leo, baba." Recheli alimaliza kufunga kamba ya mtumbwi, akanyoosha kiganja. "Nauli. Watu wawili, kwenda na kurudi."