Ombi la Mto Kushushwa Daraja

Kwa Mkuu wa Idara ya Hadhi za Miji,
Makao Makuu.

Ndugu Mkuu,

Kuhusu: DARAJA TULILOLIOMBA NA DARAJA TULILOLIPATA

Natumai barua hii itakukuta mezani, maana tatu zilizotangulia zilikukuta safarini. Sisi huku hatujambo. Wale wa ng'ambo hatujui kama hawajambo, kwa sababu mto umejaa.

Mimi ni karani wa kivuko, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili. Kazi yangu ni kuwaandika kwenye daftari watu wanaovuka kwa pantoni yetu ya kuvutwa kwa kamba, na kuhakikisha kwamba waliopanda ndio walioshuka. Vilevile mimi ni katibu wa Kamati ya Daraja. Ndimi niliyeandika lile ombi la mwaka juzi, kwa mkono wangu, kwa wino mweusi: "Sisi wakazi wa mji huu wa kando ya mto tunaomba daraja." Mwalimu mstaafu, ambaye sote tunamwita Mwalimu Nukta, alinishauri niongeze maneno "la kupita juu ya maji". Nilikataa. Nilimwambia wakubwa si watoto wa darasa la kwanza, wataelewa. Tangu hapo Mwalimu Nukta akiniona sokoni hutabasamu tu, hasemi kitu, na afadhali angesema.

Naomba sasa nieleze malalamiko yetu kwa mpangilio.

1. Kuhusu siku ya makabidhiano. Tulipata taarifa kwamba ombi limekubaliwa na kwamba mgeni rasmi atakuja kutukabidhi daraja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Tulijiandaa. Fundi mwashi alirundika kokoto hadi zikamfika kifuani. Mwokaji mikate, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati, alizima tanuri lake kwa mara ya kwanza tangu afiwe na baba yake. Wanaume arobaini walijipanga kando ya mto, sepetu mabegani. Mgeni rasmi akaja na gari moja dogo. Tukadhani malori yako nyuma. Alihutubia kwa saa mbili, akasema kwamba tuliomba daraja, na sasa tumepandishwa daraja: sisi si mji tena, ni jiji. Tulipiga makofi kwa nguvu zote huku tukichungulia barabarani. Kisha akatoa cheti kilichotiwa kwenye fremu ya kioo, akapanda gari lake, akaenda zake. Malori tuliyangoja hadi Jumamosi.

2. Kuhusu cheti chenyewe. Hatuna nia ya kukidharau, kina muhuri mzuri sana. Ila seremala amekipima mbele ya mashahidi, na kina urefu wa inchi kumi na nane pamoja na fremu. Mto una upana wa hatua mia mbili na arobaini wakati wa kiangazi, na sasa si kiangazi.

3. Kuhusu maendeleo yaliyofuata. Tuliambiwa jiji ni lazima liwe na taa za kuongozea magari, kwa hiyo tumewekewa kwenye njia panda yetu, ambayo ni moja. Gari nalo ni moja, la mwokaji mikate. Yeye ni mtu wa kufuata sheria. Husimama kwenye taa nyekundu peke yake, akatazama kulia na kushoto, na mikate inapoa. Tukaambiwa jiji ni lazima liwe na bustani ya kupumzikia. Basi gati letu limeng'olewa, na mahali pake pamewekwa mabenchi sita ya saruji yanayotazama ng'ambo. Abiria sasa wanashukia kwenye matope chini ya mabenchi, na waliokaa huwapa pole. Pantoni nayo imepandishwa hadhi. Siku hizi inaitwa Huduma ya Usafiri wa Majini ya Jiji, na kwa kanuni za jiji kila aliyemo ni lazima avae jaketi la kuokolea maisha. Majaketi yapo matatu. Pantoni iliyokuwa ikibeba watu thelathini sasa inabeba watatu, na mmoja wao ni mvuta kamba, tunayemwita Misuli, ambaye hakuna jaketi linalomfunga.

4. Kuhusu mpaka. Mpaka wa jiji umechorwa katikati ya mto. Huku ni jiji, ng'ambo ni kijiji. Kwa hiyo nusu ya kamba ni mali ya jiji, na nusu ni mali ya kijiji. Kamba hiyo imeanza kukatika nyuzi, tena katikati kabisa, mahali ambapo kila ofisi inasema ni pa mwenzake. Nimeziandikia ofisi zote mbili. Zote mbili zimenijibu kwa adabu.

5. Hapa uniwie radhi, naandika kama mzazi. Binti yangu wa pekee ameolewa ng'ambo na mfyatua matofali, mkwe mwema asiye na maneno mengi. Ana mimba ya miezi minane na siku kadhaa; mama yake ndiye anayezihesabu hizo siku. Ng'ambo hakuna hata chumba cha kuchomea sindano, na pantoni hairuhusiwi kumpakia, kwa kuwa hakuna jaketi linalofungika juu ya tumbo lake. Zahanati iko upande huu, karibu na kibanda changu, na mkunga wake ndiye aliyempokea binti yangu huyo huyo siku alipozaliwa. Lakini mji ulipokuwa jiji, zahanati nayo ilipandishwa ikawa Hospitali ya Rufaa. Kitanda ni kile kile, mkunga ni yule yule, kibao tu ndicho kipya. Na Hospitali ya Rufaa haimpokei mtu asiye na barua kutoka zahanati. Zahanati tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo iliyopandishwa. Mkunga amelia mbele yangu. Alisema mikono yake iko pale pale ilipokuwa, ila daftari lake ndilo limepanda cheo.

Kila asubuhi binti yangu hutoka akasimama ukingoni kule, mkono kiunoni, nami nasimama huku kwenye mabenchi. Tunapungiana. Siku hizi naliona tumbo lake vizuri kuliko ninavyouona uso wake. Ndugu Mkuu, naogopa. Nimetafuta neno la kiofisi la kusema hivyo, sikulipata.

6. Kuhusu ombi letu. Kamati ilikutana Jumanne katika duka la kinyozi, kwa kuwa ukumbi umefungwa unasubiri kupandishwa. Wajumbe walikuwa na wasiwasi. Tukiomba daraja tena, mtatupandisha tuwe mkoa. Tukiomba mtushushie daraja, mtatushusha tuwe kitongoji, na gati halitarudi. Mwalimu Nukta alipendekeza tuambatishe mchoro wa daraja lenye miguu, na kuku akipita juu yake, ili kusiwe na utata. Kinyozi akasema mtatuletea kuku.

Ndipo nikapata wazo, na Kamati ikalipitisha bila kupingwa. Idara yako imethibitisha kwamba inaweza kuugeuza mji ukawa jiji kwa karatasi moja, bila kuongeza hata tofali. Basi tunaomba karatasi nyingine kama hiyo: MTO USHUSHWE DARAJA. Ushushwe kutoka mto uwe kijito, na kwa huruma yako ikiwezekana, uwe mtaro. Mtaro hauhitaji pantoni, wala kamba, wala jaketi. Mtaro hauwezi kuwa mpaka wa jiji. Mtaro watu huuruka, na mjamzito hushikwa mkono tu, akavuka. Mto wenyewe hautakuwa na la kusema, kwani hata sisi tulipopandishwa hatukuulizwa. Cheti chake tutakipokea kwa heshima zote na kukitundika ukingoni, kikiwa kimeuelekea mto, ili nao ujue.

Tunaomba ushushwe kabla ya tarehe kumi na nne, ambayo mke wangu ameizungushia duara kwenye kalenda.

Nisalimie wote ofisini kwako, kuanzia katibu muhtasi hadi mlinzi wa geti. Mwokaji mikate anakusalimu, Misuli anakusalimu, Mwalimu Nukta anakusalimu na anaomba ukisome kichwa cha barua hii mara mbili. Mke wangu amesema zake nisiziandike.

Ni mimi, ninayengoja huku nikitazama ng'ambo,

Karani wa Kivuko, Daraja la Tatu,
na Katibu wa Kamati ya Daraja.

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha, tarishi akaingia na barua kutoka Idara yako. Ni jibu la ile barua yangu ya kwanza. Inasema kwamba, baada ya kutafakari kwa kina kilio changu cha daraja, nimepandishwa daraja. Kuanzia leo mimi ni Msimamizi Mkuu wa Usafiri wa Majini wa Jiji, Daraja la Kwanza. Nimepewa ofisi yenye dirisha na kiti cha kuzunguka. Nimekizungusha mara mbili, na ukisimama vizuri unauona mto wote. Kwa kuutazama kutoka hapa nimetambua kwamba usafiri wa majini unahitaji maji, na kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo mtaro una Msimamizi Mkuu. Kwa hiyo naomba namba 1 hadi 6 zihesabiwe kuwa maoni ya mtumishi wa daraja la chini, na mto uachwe kama ulivyo. Barua hii ningeichana, lakini muhuri umeshagongwa.

Nilimtuma Misuli avuke, akampe binti yangu habari kwamba baba yake amepata daraja. Amerudi sasa hivi. Anasema binti yangu amelia kwa furaha, amefunga nguo za mtoto kwenye kifurushi, na yuko ukingoni anauliza aanzie kukanyaga wapi.