Vumbi la Chuma kwa Jina Langu

Jumatatu, 2 Juni 2014. Iyula.

Rosemary, mjukuu wangu, ukifika hapa ukasoma, ujue nimekasirika. Kahawa imechanua, imeiva, sasa tunachuma, na wewe hujakanyaga. Kazi yako simu tu: bibi, hicho kivimbe cha titi kipigwe picha. Umenitafutia na nafasi Mbeya, Ijumaa. Eti watanichoma sindano ya vumbi la chuma, dogo hata jicho halilioni, lisafiri kwenye damu likajikusanye penye saratani, kisha mashine mbili ziliangalie. Nimekujibu sawa, lakini siendi. Wakiona, watakata. Mama yangu alikatwa, tukamrudisha kwenye sanda.

Jumatano, 4 Juni.

Nimepata njia. Ataenda mke mwenzangu, Ferista, na kadi yangu. Sote ni Bibi Nzunda, wajane wa mzee mmoja, na kadi haina picha. Wakiuliza kivimbe, aseme kimeyeyuka. Amecheka, kasema mume nilimnyima, leo nampa ugonjwa. Huyo hata mafua hana. Anataka wali wa hotelini tu. Akionekana mzima, mimi nimepona, nawe utaniacha.

Ijumaa, 6 Juni.

Karudi kachangamka. Walimlaza ndani ya mashine inayogonga kama mafundi bati, akaimba pambio mpaka wakamwomba anyamaze. Kaniletea paja la kuku. Leo hatukugombana.

Jumapili, 15 Juni.

Daktari kapiga simu tukianika kahawa. Kaniita jina langu, Ketrina, polepole. Mashine zote mbili zimeona vumbi limekusanyika titi la kushoto, ndani kabisa, mkono usingefika. Bado dogo, linatibika likiwahiwa.

Kivimbe changu kiko kulia.

Nikakaa chini, juu ya kahawa. Ferista akauliza kama nimepona. Nikamwambia njoo, mwenzangu. Aliposikia akasema: hata hili umetaka liwe na jina lako. Tukalia. Mbuzi wakaingia kwenye kahawa, hakuna aliyewafukuza.

Jumanne, 17 Juni.

Ferista kakubali matibabu. Nimemsuka nywele, nikamwambia nitalala naye hospitali, chini, kwenye mkeka. Nilitaka kumwambia daktari ukweli. Halafu nikawaza: wakibadili jina, watamrudisha mwisho wa foleni. Aendelee kuwa Ketrina.

Na changu kimeanza kuuma usiku. Nimekubali hilo vumbi. Kadi ya Ferista ipo, haijatumika hata mara moja.

Ukija, uje na gari, utupeleke sote wawili. Na mbele ya daktari uniite Bibi Ferista.