Chaani Jazz na Kinanda cha Umeme

Jumatatu, 2 Julai 1962

Sijakaa sawa tangu asubuhi. Bwana wa santuri, yule anayekuja na mashine ya kunasia nyimbo, kaniambia kwa kinywa chake kwamba Chaani Jazz imezeeka. Imezeeka! Mimi Mwinyihaji, niliyeiasisi bendi hii mwaka arubaini na nane, mpiga kodiani wa kwanza Changamwe nzima! Asema vijana wa Likoni wamepata gitaa la umeme na watu wanataka sauti mpya. Atakuja Jumanne ijayo kunasa santuri yetu, pande mbili. Asiposikia jipya, harudi tena.

Tsofa, mpiga gitaa wetu, kasema basi tutafute gitaa jingine tu. Watu wote wampenda huyo. Nilimwambia akili ya uongozi haipatikani kwenye nyuzi.

Nina mpango.

Jumatano, 4 Julai

Mpango ni Ruwa, fundi wa redio. Ametengeneza kinanda kutokana na matumbo ya redio tatu mbovu. Unapitisha mkono juu ya waya, hugusi kitu, nacho chalia! Kama paka aliyebanwa na mlango, kisha kama bibi harusi, kisha kama paka tena. Machozi yalinitoka. Hata London hawana!

Ruwa akanionya nisiguse waya na mikono iliyorowa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetia udhu. Nikagusa. Nilijikuta nimekaa uani, kiatu kimoja mguuni, cha pili sikijui kilipo. Mkono wanitetema hata sasa. Ndiyo sababu ya mwandiko huu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimekipeleka ukumbini ndani ya sanduku. Tsofa akauliza humo mna nini. Nikasema tende. Akaomba mbili. Nikasema ni za nadhiri. Akaniangalia sana.

Baadaye Achieng, mama anayeutunza ukumbi na kutuuzia chai, akataka kujua tangu lini tende zikafungwa kwa waya.

Jumamosi, 7 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilifungua sanduku mbele ya bendi nzima, nikawasha, nikanyoosha mkono. Kililia vizuri! Mpiga ngoma akahamia karibu na mlango. Bi Mwanatatu, mwimbaji wetu, sauti ambayo watu huvuka feri kuifuata, akasogelea maikrofoni aanze ubeti. Kumbe Ruwa, aliponifungia nyaya, alikiunganisha kinanda na maikrofoni kwa waya mmoja. Maikrofoni ikamuuma mdomo! Cheche niliisikia kwa masikio yangu. Akarudi nyuma, kitambaa mdomoni.  

"Mwinyihaji," akasema, "miaka kumi nimekuimbia. Leo umenichoma mdomo."

Akajifunga buibui, akaenda zake.

Sijavuta pumzi, mlango ukagongwa. Watu kama ishirini, wengine na redio kwapani! Redio zote za mtaa zilikuwa zikilia kama paka katikati ya taarifa ya habari. Mzee mmoja aliuliza kama vita vimeanza. Niliwaambia wamebahatika kuisikia Chaani Jazz hewani. 

Jumapili, 8 Julai

Nimevuka kwenda Likoni kumtaka radhi Bi Mwanatatu. Nikamkuta Tsofa keshafika, amekaa barazani, anakula mahamri! Mdomo wa Bi Mwanatatu umevimba upande mmoja. Nilishindwa kuutazama.

Akasema atarudi kwa ajili ya wenzake, si kwa ajili yangu, na kwa sharti kwamba sanduku lile asilione tena. Nikaapa hataliona. Wallahi niliapa kwa moyo safi. Nilipokuwa ndani ya feri ndipo nilipokumbuka kwamba ukumbi una pazia.

Jumanne, 10 Julai

Bwana wa santuri kafika. Bi Mwanatatu kaimba wimbo wa upande wa kwanza kama mtu ambaye hajapata kuumwa na kitu duniani. Nilisahau kodiani mapajani. Sauti hiyo naijua miaka kumi, na bado nywele zilinisimama. Mwenye akili angeishia hapo.

Ubeti wa mwisho nikajipenyeza nyuma ya pazia, nilikolificha sanduku. Nikanyoosha mkono. Kikalia! Na Tsofa hakushtuka hata kidogo. Akaikamata sauti ile kwa gitaa, akaisindikiza, ikawa wimbo mmoja. Wimbo ulipokwisha bwana wa santuri aliruka juu. Akamkumbatia Tsofa! Akaapa hajapata kusikia gitaa likilia namna ile. Bi Mwanatatu akapiga vigelegele.

Kunyamaza tu. Sikutakiwa kufanya lolote jingine. Bendi ingepona. Tsofa alinitazama kwenye upenyo wa pazia, akatikisa kichwa polepole. Alijua. Alikuwa akinisitiri, yeye! Nikavumilia kama dakika nzima.

Kisha nikavuta pazia. "Ni mimi!" nikapaza sauti. "Ni mimi niliyelia!"

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwanatatu aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akachukua mkoba wake. Safari hii Tsofa akamfuata, gitaa begani. Bwana wa santuri akauliza upande wa pili ataimba nani.



Jumamosi, 18 Agosti

Santuri imetoka. Nimeisikia mkahawani. Upande wa kwanza, Chaani Jazz. Kilio changu kimo, wazi kabisa, na wateja wakasema gitaa zuri hilo. Wakaigeuza. Upande wa pili, wale vijana wa Likoni! Mwimbaji: Bi Mwanatatu. Kwenye gitaa: Tsofa. Chai ilinipalia hadi nikapigwa mgongo na mtu nisiyemjua. Na wimbo ni mzuri. Hilo silisemi popote ila humu.

Chaani Jazz sasa ni mimi na mpiga ngoma, naye atafuta kazi bandarini.

Achieng kaniletea salamu kutoka Likoni. Mdomo umepona. Bi Mwanatatu kanisamehe, ila aniusia kwa jina la Mungu nisiuguse umeme tena maishani mwangu. Nililia kidogo. Nimeapa, na kiapo hiki sikivunji. Umeme basi!

Petroli hakuitaja. Kule Mjambere nimeona mashine ya kuvutia maji, inapiga tu-tu-tu-tu safi kuliko ngoma yoyote, haichoki wala haitafuti kazi bandarini. Mwenyewe kakubali niichukue Jumatatu.